Sifa za kiongozi wa kanisa: tunachagua kipawa, tabia tunaidhania tu

#1 Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu, Bwana asifiwe. Hii mada imenikaa moyoni muda mrefu. Naomba tuijadili kwa utulivu, bila kutaja jina la kanisa wala la mtumishi yeyote.

Fungueni 1 Timotheo 3, mstari wa 2 hadi wa 7, msome taratibu. Timotheo yuko Efeso, Paulo anampa vigezo vya mtu anayefaa kuwa askofu, yaani msimamizi wa kanisa. Asiyelaumika, mume wa mke mmoja, mwenye kiasi na busara, mtu wa utaratibu, mkaribishaji, ajuaye kufundisha, si mlevi, si mpiga watu, mpole, asiyependa fedha, anayeisimamia nyumba yake vema, asiyeongoka karibu, anayeshuhudiwa mema na watu wa nje. Ukihesabu zote unapata kama 15 hivi. Ustadi wa kazi uliomo humo ni mmoja tu, kufundisha. Mengine yote yanamhusu mtu mwenyewe alivyo: akikasirika anakuwaje, pesa anaitazamaje, wageni anawapokeaje, majirani wasiosali naye wanamsemaje.

Sauti nzuri haimo. Uwezo wa kujaza ukumbi haumo. Shahada haimo.

Halafu tazameni tunavyofanya sisi. Nafasi ikiwa wazi tunauliza: anahubirije? Kasomea wapi? Vijana wanampenda? Ana uwezo wa kuleta wafadhili? Akifaulu hapo, tumemaliza. Habari ya tabia tunaidhania tu, kwamba mtu anayeomba kwa machozi madhabahuni hawezi kuwa mkali nyumbani. Basi baada ya muda kanisa linagawanyika pande mbili, na kila upande unasema haukujua.

Ninachosema mimi ni kwamba tabia haionekani kwenye mahubiri ya majaribio. Huonekana kwa kukaa na mtu, na wanaoijua vizuri ni wale walio chini yake, wale ambao haoni sababu ya kujipanga mbele yao. Hao ndio hatuwaulizi kabisa.

Nichukue sifa moja tu, hasira, kwa sababu naona ndiyo tunayoipuuza kuliko zote. Paulo anairudia: "si mpiga watu, bali awe mpole", na kwa Tito anasema asiwe "mwepesi wa hasira". Kiongozi akishikwa na zinaa, kikao kinaitwa siku hiyohiyo. Akiwadhalilisha watu kwa maneno tunasema ni mtu wa misimamo, au tunasema ana moto wa Mungu.

Nilikuwa ibadani mahali fulani, kipaza sauti kikaanza kupiga mluzi katikati ya neno. Kijana wa mitambo, mwanafunzi wa sekondari, akainamia mashine anapunguza huku na huku. Mhubiri akanyamaza, akamgeukia, akamwambia mbele ya kanisa zima kwamba shetani amepata mlango kupitia uzembe wake. Watu wakaitika amina. Yule kijana hakuinua uso tena. Alichomoa waya, akauchomeka, akauchomoa, akauchomeka, na mluzi ulikuwa umeshakoma zamani. Jumapili iliyofuata mitambo ilikuwa na mtu mwingine.

Wote tuliokuwa mle ndani tulipewa taarifa kamili kuhusu upole wa mhubiri yule. Baadaye jina lake lilipopendekezwa kwa nafasi ya juu zaidi, tukio lile halikutajwa na mtu. Lilihesabiwa kuwa jambo dogo. Kwa kipimo cha Paulo lilikuwa miongoni mwa yale ya kuulizwa kwanza.

Naomba kuwasilisha.

#2 Dada Tumaini

Ubarikiwe mleta uzi. Nina maswali mawili.

La kwanza, "asiyelaumika". Tukilichukua kama lilivyo, nani atabaki? Hata Petro alilaumiwa, na Paulo mwenyewe ndiye aliyempinga uso kwa uso kule Antiokia (Wagalatia 2).

La pili, watoto. Mimi ni binti wa mchungaji. Tumekua tukiambiwa kila siku "mtamharibia baba yenu huduma". Kaka yangu alipoacha kusali, watu walimwandama baba kana kwamba yeye ndiye aliyeacha. Naomba mnisaidie kuielewa ile "mwenye kuisimamia nyumba yake vema", maana wengine inatuumiza.

#3 Nyikani

Mleta mada nakuheshimu, ila hapa mnataka kumpangia Mungu. Samweli alitaka kumtia mafuta Eliabu kwa sura yake, Mungu akamkatalia. Mungu hutazama moyo. Daudi alianguka, Petro alikana, wote wawili wametumika. Mkianza kufanya upelelezi kama polisi mtabaki na watu wasafi kwenye makaratasi na wasio na upako.

Na hilo la kusubiri muda, someni historia. Ambrose wa Milan mwaka 374 alikuwa hajabatizwa! Alikuwa gavana, akaenda kanisani kutuliza ghasia za uchaguzi, watu wakapaza sauti kwamba yeye ndiye awe askofu. Ndani ya siku chache alibatizwa na kuwekwa wakfu, na akawa mmoja wa maaskofu wakubwa kuliko wote. Muda uko wapi hapo?

#4 Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Dada Tumaini, nianze na wewe.

"Asiyelaumika" haina maana ya asiye na dhambi, vinginevyo Paulo asingejiita wa kwanza katika wenye dhambi kwenye waraka huohuo (1:15). Ni mtu ambaye ukimshitaki hupati pa kushikia, mwenendo wake uko wazi. Petro alilaumiwa Antiokia, ni kweli, ila angalia lilivyokwenda. Alikemewa mbele ya watu wote, na hatusomi popote kwamba alimtenga Paulo au alilipiza kisasi. Mzee wa kanisa anayeweza kukosolewa hadharani na kesho yake mkala meza moja, huyo mimi nampigia kura.

Kuhusu watoto, pole sana dada. Biblia inatupa wazee wawili ambao wana wao waliharibika. Wana wa Eli walikuwa makuhani, walipora nyama za sadaka na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Eli anahukumiwa kwa jambo moja linalotajwa waziwazi: alijua, "wala yeye hakuwazuia" (1 Samweli 3:13). Aliwaonya kwa mdomo akawaacha kazini. Wana wa Samweli nao walipokea rushwa kule Beer-sheba. Wazee wa Israeli walimwambia wazi, na wale wana hawakufaa kurithi nafasi, lakini Samweli hatusomi akihukumiwa kama Eli. Kwa hiyo swali la kumuuliza kiongozi ni kama anatumia cheo chake kumlinda mwanawe anayedhulumu watu. Mtoto mtu mzima aliyeacha kusali, akaenda zake, hamdhulumu mtu. Baba yako anahukumiwa kwa alivyomlea na anavyomtendea sasa. Na mimi ningeongeza hivi: kanisa linalowatumia watoto wa mchungaji kama mapambo ya huduma linajiletea lenyewe hayo maumivu.

Nyikani, kuhusu Eliabu umenisaidia mimi. Samweli alikuwa tayari kumtia mafuta kwa umbo na kimo, na ndivyo tunavyofanya sisi, tumebadilisha kimo tukaweka sauti. Mungu anaona moyo moja kwa moja, sisi hatuoni, ndiyo maana tukaachiwa maneno "hawa pia na wajaribiwe kwanza" (1 Timotheo 3:10). Na hiyo ni kwa mashemasi, seuze askofu.

Ambrose ni mfano mzuri, ila tuumalizie. Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea (mkutano mkuu wa maaskofu), kanuni ya 2, ulikataza mtu aliyetoka upagani juzi kupandishwa moja kwa moja kuwa kasisi au askofu, na ulitumia hilohilo andiko la Paulo. Maana yake mchezo huo ulikuwa umeshaleta madhara. Ambrose alikuwa nje ya utaratibu. Lakini watu wa Milan walimjua! Alikuwa akiwatawala, walijua anavyoamua kesi, na katika kanisa lililopasuka kati ya Waario (waliosema Kristo aliumbwa na Baba) na wafuasi wa Nikea waliolikataa hilo, yeye ndiye pande zote walimwamini. Ushuhuda wa "watu walio nje" alikuwa nao tele kabla hajaingia ndani. Tena yeye mwenyewe hakuutaka uaskofu, alijaribu kuukwepa. Niletee mgombea wa namna hiyo, tutazungumza kuhusu muda.

#5 Mwanahesabu

Nimekaa upande wa fedha za kanisa muda mrefu, acha niseme la upande huo.

Tunapenda kusema "mtumishi yule ni mwaminifu, hana haja ya kukaguliwa". Paulo hakujitetea hivyo. Alipokusanya mchango wa watakatifu wa Yerusalemu alituma watu kadhaa, Tito na ndugu wengine wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na sababu akaitoa: "mtu asije akatulaumu kwa habari ya karama hii", akitaka mambo yawe mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu" (2 Wakorintho 8). Mtume aliyeandika nyaraka za Agano Jipya anaomba asishike pesa peke yake.

Kwa uzoefu wangu kiongozi mwenye tamaa hajulikani kwa gari. Wapo wenye magari mazuri wakiwa safi kabisa. Anajulikana siku unapomwambia "mtumishi, naomba risiti ya hii". Msafi anakasirika kidogo au hakasiriki, halafu analeta. Mwingine anakuuliza kama una roho ya mashaka. Anaanza kukuhubiria wewe. Nikisikia tu swali la hesabu limejibiwa kwa andiko, kalamu naiweka chini na mwenyekiti namwita hapohapo.

Kanisa la kale walilijua hili. Kuna andiko liitwalo Didake, la mwisho wa karne ya 1 au mwanzo wa karne ya 2, linaelekeza kuhusu wahubiri wanaopita. Anayesema kwa Roho "nipeni fedha" msimsikilize, isipokuwa anaomba kwa ajili ya wengine wenye shida. Na mtume akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakokwenda kulala, akiomba fedha huyo ni nabii wa uongo. Wakali kweli, lakini walikuwa wameshaumwa.

Karibu na nyakati zetu, mwaka 1948, mwinjilisti wa Marekani Billy Graham na wenzake walikaa Modesto, California, wakaorodhesha yale yaliyowaangusha wainjilisti kabla yao. Walipatana kuhusu fedha, uzinzi, kuyasema vibaya makanisa ya wenyeji, na kutia chumvi idadi ya waliohudhuria. Hilo la mwisho huwa tunalicheka, ila fikirini: mtu anayedanganya idadi ya waliookoka atashindwaje kudanganya idadi ya noti?

#6 Msomaji wa Usiku

Uzi mzuri. Nawakumbusha kwamba Wakristo wa Afrika Kaskazini walipasuka vipandevipande kwa swali hilihili.

Mateso ya Wakristo chini ya Diokletiano, kaisari wa Roma, yalianza mwaka 303, na baadhi ya viongozi wakakabidhi Maandiko kwa serikali yakachomwe. Mateso yalipoisha, Kaisiliano akawekwa kuwa askofu wa Karthago, na mmoja wa waliomweka wakfu, Feliksi wa Aptunga, alishutumiwa kuwa msaliti wa namna hiyo. Kundi lililokuja kuitwa Wadonati likasema uaskofu huo ni batili, na ubatizo wa watu wa namna hiyo si ubatizo. Baadaye Augustino wa Hippo aliwajibu kwamba anayebatiza ni Kristo, dhambi ya mhudumu haimnyimi mtu neema ya Mungu.

Nalileta hili kwa sababu nimesikia likitumiwa vibaya: "Mungu anamtumia huyo huyo, kwa hiyo mwacheni." Sivyo. Mtaguso wa Arles wa mwaka 314 ulisema mambo mawili kwa pamoja. Waliowekwa wakfu na msaliti, daraja lao linasimama. Na msaliti mwenyewe, ikithibitishwa kwa kumbukumbu za serikali, aondolewe kwenye daraja. Ubatizo wako uko salama, yeye kazi hana. Ingetutuliza sana tungeyashika yote mawili. Kuna watu wanaogopa kusema ukweli kuhusu kiongozi aliyewabatiza, wakidhani akivuliwa na wokovu wao unatetereka.

#7 Nyikani

Hilo la Arles sikuwahi kulisikia, asante mkuu.

Basi nibaki na la Petro. Alimkana Bwana mara tatu, akarudishwa na kukabidhiwa kondoo. Mbona nyie mkimshika mtumishi ameanguka mnamzika? Msamaha uko wapi?

#8 Dada Tumaini

Nyikani kaka yangu, naomba nijibu mimi hili, maana nimeliona kwa karibu.

Petro alilia kwa uchungu kabla hajakamatwa na mtu. Hakusubiri picha zisambae. Aliulizwa mara tatu, wenzake wakiwapo, na swali lilimuuma akalijibu. Halafu jambo kubwa zaidi: Petro hakuwa amemla kondoo yeyote. Alimkana Bwana kwa hofu, jambo zito sana, lakini hakutumia utume wake kumwingia msichana aliyekuja kuombewa, wala hakula akiba ya wajane.

Wachungaji waliolila kundi wana sura yao, Ezekieli 34. Pale Mungu anasema, "nitawakomesha, wasiwalishe kondoo". Anawaondoa kazini ili kondoo wapone. Hajasema hawawezi kutubu. Kiongozi aliyemdhulumu mtu kwa kutumia nafasi yake anaweza kusamehewa, akae kwenye benchi kama sisi, ashiriki meza ya Bwana baada ya utaratibu wa kanisa lake, na kama ametenda jinai ajibu kwenye sheria. Kumrudisha mimbarani ni jambo jingine kabisa, na hakuna andiko linalomfanya aliyeumizwa ashinikizwe kukubali ili ionekane amesamehe. Nimeona dada akipelekwa mbele ya kikao akaambiwa amkumbatie. Alikuwa anatetemeka. Baada ya hapo walisema suala limefungwa.

Na lile la mashahidi wawili au watatu (1 Timotheo 5:19) linatumiwa kuwafunga watu midomo. Someni na mstari wa 20: wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Na wa 21: bila upendeleo. Andiko linamlinda mzee na fitina, halafu hapohapo linamnyima mahali pa kujificha.

#9 Nyikani

Dada nimekuelewa. Sina la kuongeza hapo.

#10 Barua Wazi

Wakuu nimesoma kuanzia juu. Sisi tunachagua wazee wa kanisa karibuni na nimewekwa kwenye kamati. Hatuna mtaalamu, hatuna fomu. Tufanye nini hasa? Naomba vitu vya kufanya, mahubiri ninayapata ya kutosha.

#11 Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Barua Wazi, hongera kwa kukubali kazi ngumu.

Tangazeni majina mapema, mbele ya washirika wote, na muwape njia ya kusema kwa siri. Hili si jipya. Katikati ya karne ya 3 Sipriano, askofu wa Karthago, aliwaandikia Wakristo wa Hispania kwamba mhudumu achaguliwe watu wakiwapo, machoni pa wote, ili maovu ya wabaya yafunuliwe na mema ya wazuri yatajwe, kwa kuwa watu ndio wanaoujua mwenendo wa kila mmoja. Makanisa ya Anglikana hadi leo kwenye ibada ya kuweka wakfu huwauliza watu kama kuna mwenye kizuizi. Shida ni kwamba swali likiulizwa siku ya sherehe, vazi limeshashonwa na wageni wameshafika, hakuna atakayesimama. Ulizeni wiki kadhaa kabla.

Nendeni kwa watu wa nje. Mwajiri wake, jirani, mtu aliyefanya naye biashara ikaharibika. Huyu wa mwisho ni wa thamani sana, maana atakueleza alivyolipa deni au alivyolikimbia. Ulizeni pia waliowahi kuwa chini yake: mhudumu wa ofisi, kijana wa mitambo, msaidizi wa nyumbani kama yupo. Mwulizeni kila mmoja peke yake. Msiulize "je, ni mtu mzuri?" maana jibu ni ndiyo kila mahali. Ulizeni, "mara ya mwisho ulipomkosea, alifanya nini?" Halafu nyamazeni, msikilize.

Mkewe azungumze na mama mmoja anayeheshimika kwenye kamati, mume akiwa hayupo. Siyo upelelezi, ni kumpa nafasi.

Kwa fedha, mwambieni mapema taratibu zenu za kuhesabu sadaka, kwamba hatagusa peke yake, kwamba atatoa risiti. Mtazameni anavyolipokea hilo. Mwanahesabu ameshasema.

Halafu mwulizeni yeye mwenyewe ni nani anayeweza kumwambia "hapana" akakubali. Ataje mtu. Kisha mkaongee na huyo mtu. Diotrefe kwenye 3 Yohana alikuwa kiongozi, na anachokumbukwa nacho ni kupenda kuwa wa kwanza. Hakumpokea mtume, aliwazuia waliotaka kuwapokea ndugu, akawatoa kanisani. Mtu asiye na wa kumzuia ndiko anakoelekea.

Na msisahau kutazama mema. Orodha ya Paulo ina "mkaribishaji". Kuna watu wamekuwa wakifanya uzee wa kanisa bila cheo, wanatembelea wagonjwa, wanapatanisha ndoa, nyumba yao haikosi mgeni, na hawajui kusimama mbele za watu wakaongea dakika tano. Majina yao hayapendekezwi kwa sababu hawaonekani. Matendo 6 walitafutwa watu saba wa kugawa chakula, na kigezo kikawa wawe wameshuhudiwa kuwa wema, wamejaa Roho na hekima. Majina yote saba ni ya Kiyunani, na malalamiko yalitoka kwa Wayahudi wa Kiyunani, ambao wajane wao walisahauliwa. Walipewa kazi watu ambao upande uliolalamika ungewaamini. Kwenu kama kuna kundi linalolalamika, tazameni kama kuna jina lake kwenye orodha.

#12 Mwanahesabu

Naongeza moja. Wekeni ukomo wa muda, na mwisho wake ukaguzi wa wazi. Samweli alipokuwa anaachia madaraka alisimama mbele ya taifa akauliza, "nilitwaa ng'ombe wa nani? au nilitwaa punda wa nani?" Watu wakajibu hukupokea kitu mkononi mwa mtu (1 Samweli 12). Mzee akijua mapema kwamba siku hiyo inakuja, anatembea kwa uangalifu.

#13 Barua Wazi

Nimeyanakili yote, nayapeleka kwa mwenyekiti kesho jioni. La kutangaza majina mapema litapita, naona hata mchungaji atalipenda. Hilo la kuwauliza waliofanya kazi chini yao ndilo litakaloleta ubishi, kwa sababu mmoja wa waliopendekezwa ni mwajiri wa washirika wengi tu pale kanisani, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Nitaomba tuanze na jina lake.